Pesa Yako ya Kodi Imekwama Kituo Gani?

Umewasilisha ritani ya kodi ya mapato, yaani fomu ya kuieleza mamlaka kipato chako cha mwaka na kodi uliyokatwa. Hesabu inaonyesha kwamba mwaka uliopita ulikatwa zaidi ya ulivyostahili, na mamlaka ya mapato inapaswa kukurudishia tofauti. Wiki zinapita, kisha miezi, na kwenye akaunti hakujaingia kitu. Ukipiga simu unaambiwa ombi lako linashughulikiwa. Ukipiga tena mwezi unaofuata unajibiwa vilevile.

Nimeyapitia hayo, na nimekaa na ndugu na marafiki walioyapitia. Nimeona kwamba kinachotugharimu zaidi ni swali tunalouliza. Tunauliza "Nitalipwa lini?", swali ambalo ofisa wa simu hana uwezo wa kulijibu. Swali lenye faida ni "Imekwama wapi?" Marejesho, yaani pesa hiyo unayorudishiwa, hayatoki serikalini kwa hatua moja. Ritani hupokelewa, hulinganishwa na kumbukumbu zilizoletwa na watu wengine, huhakikiwa, hupimwa dhidi ya madeni yako, ndipo pesa hupelekwa benki. Kila kituo kina sababu zake za kukwama na kina dawa yake, na dawa ya kituo kimoja yaweza kuwa sumu kwa kingine.

Kwa nini ulikatwa zaidi

Marejesho si zawadi wala fadhila. Ni pesa yako iliyochukuliwa kwa makisio, na makisio hayakutimia. Utaratibu wa kumkata mfanyakazi kodi kabla hajaushika mshahara ulipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali zilipohitaji fedha za haraka na za uhakika: Marekani iliuanza mwaka 1943, Uingereza 1944. Tangu hapo mwajiri amekuwa akikata kila anapolipa, bila kujua mwaka utaishaje.

Makisio hayo hukosea kwa njia zinazojulikana. Aliyefanya kazi miezi saba akaachishwa huenda amekatwa kama mtu ambaye angelipwa miezi kumi na miwili. Mwenye kazi mbili huenda ile ya pili ilikatwa kwa kiwango cha juu bila nafuu yoyote, yaani punguzo la kodi linaloruhusiwa na sheria. Anayechangia pensheni kwa mkono wake mwenyewe, nje ya mshahara, nafuu yake haimfikii mpaka aidai. Mshauri anayelipwa kwa mkataba hukatwa kodi ya zuio katika kila malipo, ilhali anayemkata hajui gharama zake za kazi ni kiasi gani.

Katika mifano yote hiyo, fedha ilikatwa na mtu mwingine, na mamlaka inaijua kwa sababu mtu huyo ameitaarifu. Kumbuka hilo, maana shida nyingi huanzia hapo.

Je, ritani imefika?

Kituo cha kwanza ni mapokezi, na wengi hukiruka kwa kudhani kubonyeza kitufe cha kutuma kunatosha. Nchini India, kwa mfano, mlipakodi akishatuma ritani kwenye mtandao huwa na siku 30 za kuithibitisha kwamba ni yake kweli. Asipothibitisha, ritani huweza kuhesabiwa kana kwamba haikuletwa. Mtu wa namna hiyo anasubiri marejesho ya ritani ambayo kwa sheria haipo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta uthibitisho wa mapokezi: namba ya kumbukumbu, tarehe, na hali ya ritani kama inavyosomeka kwenye akaunti yako ya mlipakodi.

Namna ulivyotuma nayo ina uzito. Mamlaka ya Marekani, IRS, husema marejesho mengi ya ritani za kielektroniki hutoka ndani ya siku 21, lakini za karatasi huchukua wiki sita au zaidi. Kanada hulenga wiki 2 kwa za mtandaoni na 8 kwa za karatasi. Aliyetuma karatasi, kisha katika wiki ya tano akaanza kulia kwamba ameonewa, bado hajacheleweshwa. Kabla hujamlaumu mtu, jua muda ambao mamlaka yako yenyewe imeutangaza kwa aina yako ya ritani, uhesabu tangu siku iliyopokelewa.

Sasa onyo ambalo ningependa kila mtu alisikie: usitume ritani ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa. Mfumo ukipokea ritani mbili za mtu mmoja kwa mwaka mmoja haujui ipi ya kuiamini, na mara nyingi huzisimamisha zote mpaka binadamu azitazame. Ukigundua kosa, tumia utaratibu wa kurekebisha ritani, nao pia utauongeza muda.

Hesabu yako na ya mwajiri

Hapa ndipo penye mambo. Ritani yako inasema ulikatwa kiasi fulani. Mwajiri naye amepeleka taarifa yake, benki iliyokulipa riba imepeleka yake, na kampuni iliyokukata kodi ya zuio imepeleka yake. Mfumo huziweka pamoja na kuzilinganisha. Zikilingana, ombi husonga bila mtu kuligusa. Zikitofautiana hata kidogo, huweza kusimama.

Tofauti huletwa na mambo madogo sana. Mwajiri amekosea tarakimu moja ya namba yako ya mlipakodi, na makato yako yameandikwa kwa mtu mwingine au hayana mwenyewe. Au alilipa kodi ya mwezi wa mwisho baada ya mwaka kufungwa, ikaingia mwaka unaofuata. Pengine ulibadilisha jina baada ya ndoa, mshahara ukaendelea kutoka kwa jina la zamani. Kampuni iliyokupa mkataba nayo yaweza kukupa hati ya kodi ya zuio na bado isiiingize kwenye mfumo. Mkononi mwako una karatasi nzuri yenye muhuri, lakini kompyuta ya mamlaka haijawahi kuisikia.

Ndiyo maana nashauri kulinganisha vitu vitatu kabla ya kuwasilisha chochote: karatasi za mshahara za kila mwezi, hati ya jumla ya mwaka kutoka kwa mwajiri, na makato yanayoonekana kwenye akaunti yako ya mlipakodi, mahali mamlaka inapokuruhusu kuyaona. Vitatu vikikubaliana, huna wasiwasi. Kikipishana kimoja, umeshajua utakwama wapi, na mtu wa kumwendea ni mwajiri. Mamlaka haiwezi kurekebisha taarifa ambayo mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuileta. Mwandikie barua, taja mwezi, kiasi na namba, omba alete taarifa ya marekebisho kisha akupe nakala ya uthibitisho wake.

Kuna hali mbaya kuliko hizo: mwajiri aliyekata lakini hakupeleka. Hili huuma, kwa sababu mfanyakazi alishaumia siku ya mshahara na sasa anaambiwa hakuna kodi iliyolipwa kwa jina lake. Ushahidi wako hapo ni karatasi za mshahara zinazoonyesha makato na taarifa za benki zinazoonyesha kwamba ulichopokea ni kile kilichobaki baada ya kukatwa. Peleka vyote viwili pamoja, maana karatasi ya mshahara peke yake inaonyesha mwajiri alichoandika, wakati taarifa ya benki inaonyesha alichofanya. Usikubali kesi hii ichukuliwe kama ucheleweshaji wa kawaida. Mwajiri anayekata kodi bila kuifikisha anavunja sheria, na malalamiko yako yanapaswa kusema hivyo kwa maandishi.

Barua ambayo hukuijibu

Ombi likisimamishwa kwa uhakiki, mamlaka huomba kitu: risiti, hati, au uthibitisho kwamba wewe ndiye wewe. Marekani, mtu anayeshukiwa kuwa ametumiwa jina lake na mwizi hutumiwa barua ya kumtaka athibitishe utambulisho, na ritani haisogei mpaka afanye hivyo. Wezi wa utambulisho huwasilisha ritani ya uongo kwa jina lako mapema, wakachukua marejesho, wewe ukifika unakuta umeshawasilishiwa. Kwa hiyo barua ya namna hii huenda inakulinda, ingawa inakuchelewesha.

Msiba ni kwamba barua nyingi hazimfikii mhusika. Zimetumwa kwenye anwani ya nyumba aliyohama, au zimelala kwenye kisanduku cha ujumbe ndani ya akaunti ya mlipakodi ambayo huifungua mara moja kwa mwaka. Siku za kujibu zinaisha, mamlaka inakataa nafuu zote zisizothibitishwa, na marejesho yanageuka kuwa deni. Nimemwona mtu aliyedhani anasubiri pesa, kumbe kwa miezi minne alikuwa anasubiriwa yeye. Ukiona kimya, ingia kwenye akaunti yako usome kila ujumbe kabla hujapiga simu.

Si kila kusimama kunakuhusu wewe binafsi. Marekani, sheria ya mwaka 2015 inaizuia IRS kutoa marejesho yanayohusisha nafuu fulani za watu wa kipato cha chini na za watoto kabla ya katikati ya Februari, hata kama ritani ilifika Januari na haina dosari. Mtu asiyejua hilo hupoteza usingizi bure.

Lakini uhakiki nao unaweza kutumiwa vibaya, na hapa nisingependa kuonekana kana kwamba kosa daima ni la mlipakodi. Afrika Kusini, ofisi ya msuluhishi wa kodi ilichunguza malalamiko ya watu waliocheleweshewa marejesho, na ripoti yake ya mwaka 2017 ilikubali kwamba ucheleweshaji usiostahili ulikuwapo na ulikuwa tatizo la mfumo wenyewe. Kwa hiyo ukiona umekwisha kupeleka hati zote, uhakiki ukafungwa, kisha ukafunguliwa mwingine wa mwaka uleule bila sababu mpya, una haki ya kudai sababu hiyo kwa maandishi.

Zimeliwa na deni

Wakati mwingine pesa haijachelewa. Imetoka, lakini imeishia kwenye deni lako kabla ya kukufikia. Karibu kila mamlaka ina uwezo wa kukata marejesho ili kulipa kodi unayodaiwa ya miaka mingine, na baadhi huenda mbali zaidi. Marekani ina utaratibu unaoruhusu marejesho ya serikali kuu yalipe matunzo ya mtoto yaliyolimbikizwa, kodi za jimbo, na madeni kwa idara nyingine za serikali. India hutuma taarifa kwanza na kumpa mlipakodi nafasi ya kupinga.

Wengi hushtuka kwa sababu deni lenyewe hawalijui. Huenda ni faini ya ritani ya mwaka ambao hukuwa na kipato chochote ukadhani huna haja ya kuwasilisha, au ni makadirio ambayo mamlaka iliyafanya yenyewe ulipokuwa kimya. Omba taarifa kamili ya akaunti yako kwa miaka yote. Deni likiwa si halali, shughulika nalo lenyewe. Kuendelea kudai marejesho bila kuligusa hakutaleta kitu. Na mume au mke aliyewasilisha ritani ya pamoja, kisha sehemu yake ikaliwa na deni la mwenzake peke yake, asinyamaze. Marekani kuna fomu maalumu ya kudai fungu lake.

Imelipwa, lakini si kwako

Mwaka fulani akaunti yangu ya mlipakodi ilionyesha kwamba marejesho yamelipwa. Benki ikasema haijaona kitu. Nilizunguka kati ya ofisi hizo mbili kwa wiki kadhaa, kila moja ikinielekeza kwa mwenzake, mpaka mtumishi mmoja mwenye moyo alipolinganisha jina langu herufi kwa herufi. Huku jina la ukoo lilitangulia, kule lilikuwa la mwisho na limepungua herufi moja. Malipo yalikuwa yamekataliwa na kurudi, yakakaa kwenye hesabu ya fedha zilizorudishwa. Hakuna aliyenitaarifu, na hakuna ambaye angenitaarifu.

Hali ikisomeka "imelipwa", acha kuuliza juu ya ritani. Uliza mambo manne: tarehe ya malipo, kiasi, tarakimu za mwisho za akaunti iliyotumiwa, na namba ya kumbukumbu ya muamala. Ukiwa na namba hiyo, benki inaweza kutafuta. Bila hiyo, mfanyakazi wa kaunta anakuangalia tu. Kama akaunti ilishafungwa au jina halilingani, kwa kawaida pesa hurudi kwa mamlaka, nawe utatakiwa kusahihisha taarifa za benki na kuomba itumwe upya.

Hatari ni pale ulipokosea tarakimu na namba uliyoandika ikawa ni akaunti halisi ya mtu mwingine. IRS husema wazi kwamba ikiwa benki haitairudisha pesa hiyo, mamlaka haiwezi kuilazimisha, na jambo hilo linaweza kugeuka kuwa shauri kati yako na mwenye akaunti. Soma namba ya akaunti kwa sauti, tarakimu moja moja, kabla ya kutuma. Inachukua nusu dakika.

Kama ritani uliandikiwa na mtu, omba nakala yake kamili na utazame akaunti iliyojazwa. Wapo wanaoweka akaunti yao wenyewe, na wapo wanaopokea marejesho kwa niaba yako, wakakata ujira wao kwanza, ndipo wakupe kilichobaki. Likiwa ni la kwanza, huo ni wizi: mamlaka na polisi wote wanapaswa kujua. Likiwa la pili, huenda uliliridhia kwa saini bila kusoma.

Wakati huohuo matapeli wanajua kwamba watu wanasubiri. Ujumbe wa simu unaosema marejesho yako yako tayari, bonyeza hapa uweke namba ya siri ya benki, hautoki kwa mamlaka yoyote. Pesa inayorudi kwako haihitaji namba yako ya siri, wala haihitaji ulipe ada ndogo ili iachiliwe. Fungua akaunti yako ya mlipakodi kwa kuandika anwani ya tovuti mwenyewe, uone humo kama kuna kitu.

Kufuatilia bila kuchoka

Fungua jalada. Kila simu, andika tarehe, saa, jina la aliyekuhudumia na alichosema. Kila simu ifuatwe na ujumbe mfupi wa maandishi unaorudia mlichokubaliana. Kazi hii inachosha, najua, lakini mezani pa mpokea malalamiko, mtu mwenye kurasa mbili za tarehe husikilizwa tofauti na mwenye kumbukumbu za kichwani.

Muda uliotangazwa ukipita na hakuna sababu uliyopewa, peleka malalamiko rasmi ndani ya mamlaka. Yakishindikana, nchi nyingi zina mlango wa nje au wa pembeni: Marekani kuna ofisi ya mtetezi wa walipakodi ndani ya IRS, yenye nguvu zaidi pale ucheleweshaji unapomtia mtu kwenye dhiki ya kifedha, kama vile kukaribia kufukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi ya pango; Kanada na Afrika Kusini zina wasuluhishi wao. Sema dhiki yako waziwazi na uiambatanishe na ushahidi.

Dai riba pia. Marekani hulipa riba marejesho yakichelewa zaidi ya siku 45 tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha, au tangu siku uliyowasilisha kama ulichelewa wewe, na riba hiyo yenyewe hutozwa kodi. India imekuwa ikihesabu asilimia 0.5 kwa mwezi. Mahali pengine haiji yenyewe mpaka uiombe.

Tofautisha pia kucheleweshewa na kukataliwa. Aliyecheleweshewa hulalamika. Aliyekataliwa, au aliyepunguziwa, anapaswa kuweka pingamizi, na pingamizi lina siku zake za mwisho ambazo malalamiko hayazisimamishi. Watu wengi wema wamepoteza haki yao wakiwa bado wanaandikiana barua za upole na ofisi. Marekani, barua rasmi ya kukataa dai la marejesho huanzisha miaka 2 ya kwenda mahakamani, na muda huo huendelea kuhesabiwa hata kama ofisi imekubali kulitazama dai upya. Usipojibiwa kabisa, unaweza kushtaki baada ya miezi 6 tangu udai.

Dai lenyewe nalo huzeeka. Uingereza ni miaka 4 tangu mwaka wa kodi ulipoisha, Kenya ni 5 kwa kodi ya mapato, na Marekani kwa kawaida ni 3 tangu ritani ilipowasilishwa. Baada ya hapo hata mwenye ushahidi wote hupewa pole tu. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada lako, juu ya namba yako ya mlipakodi, andika tarehe moja kwa kalamu nyekundu: siku ambayo haki ya kudai itakwisha. Kisha rudi nyuma miezi sita kutoka hapo, uandike nyingine. Hiyo ya pili ndiyo siku ya kwenda kumwona mwanasheria wa kodi, kama pesa bado haijaingia.